Shamba Lisiloyumba

Kwetu Nchikavu hadithi haianzi na paukwa. Msimuliaji akisema paukwa, wasikilizaji hujibu pakawa, na watu wengi kujibu kwa pamoja bila kibali ni mkusanyiko haramu. Kwa hiyo nitaanza tu, nanyi mkae kimya kama raia wema. Atakayetaka kucheka achekee tumboni.

Mimi ni mpiga makofi wa Serikali, Daraja la Pili. Msidhani ni kazi ya mchezo. Kuna makofi ya kukaribisha, kuna makofi ya kuziba pengo pale Mheshimiwa anaposahau alichotaka kusema, na kuna makofi ya kusimama, ambayo huruhusiwi kuyaacha mpaka aliye juu yako ayaache kwanza. Kazi hii imenifikisha kwenye kila mkutano muhimu wa Jamhuri. Ninayoyasimulia siyasimulii kwa ubaya, Mungu apishe mbali. Nayasimulia kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu mpaka leo mikono yangu inanuka sabuni.

Nchikavu ina bahari, ila haipendi kusemwa. Makao makuu yako mlimani, safari ya kutwa nzima kutoka pwani, na viongozi wetu karibu wote wamezaliwa mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni ya pipa. Siku walipogundua kwamba ramani ya nchi ina ukingo wa buluu, wakaunda Wizara ya Maji Yote, wakaipa jengo refu ambalo mabomba yake hayatoi kitu. Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Kwangulo Mbiliti. Mheshimiwa alikuwa amewahi kuiona bahari mara moja, akiwa ndani ya ndege, akaisifu kwamba imenyooka vizuri kuliko barabara zetu.

Huko chini pwani kipo kijiji kiitwacho Ukingoni. Mbele yake kuna mwamba mrefu unaoyakinga mawimbi, na upande wa ndani wa mwamba kuna ghuba ya maji matulivu ambayo yakipwa humfika mtu magotini. Humo wanawake hulima mwani. Huchomeka vigingi mchangani, hutandaza kamba kutoka kigingi hadi kigingi, na juu ya kamba hufunga mbegu za mwani kwa vijikamba wanavyoviita taitai. Mwenyekiti wao alikuwa Bi Mwanakheri. Shamba lake pale lilimlisha alipofiwa na mumewe, likamsomesha mwanawe wa pekee, Shekuwe, mpaka akaenda ng'ambo akarudi mhandisi. Shamba jingine hakuwa nalo, si majini wala nchi kavu.

Basi siku moja Mtukufu Rais wetu, Baba wa Ukavu, alishuka pwani. Akasimama ufukweni, akaitazama ile ghuba, akasema, "Pazuri."

Alisema hilo tu. Lakini kwetu neno moja la Mtukufu ni sheria nzima pamoja na kanuni zake. Kabla wiki haijaisha ghuba ilitangazwa kuwa Mandhari ya Taifa, na juu ya jabali pakaanza kujengwa nyumba ya Mtukufu ya kuitazamia. Vigingi vinaharibu mandhari, na wanawake walioinama huku wamefunga kanga kiunoni wanaiharibu zaidi. Wakulima wote wa Ukingoni wakaamriwa wahame, wakalime nje ya mwamba, kwenye bahari kuu.

"Hamfukuzwi!" Mheshimiwa Kwangulo aliwatangazia kwa njia ya redio. "Mnapandishwa cheo! Mlikuwa bahari ndogo, sasa mnakwenda bahari kuu! Raia gani mwingine duniani amepandishwa cheo yeye pamoja na shamba lake?"

Nilipiga makofi ya kusimama. Studio ilikuwa ndogo, nikamgonga fundi wa mitambo kiwiko cha pua.

*

Bi Mwanakheri hakuyaafiki makofi yangu. Alivaa buibui lake, akapanda basi mpaka mlimani, akaomba kumwona Waziri, na ajabu ni kwamba alikubaliwa. Nadhani walimkubalia kwa kuwa hawakuwahi kumwona mtu anayenuka bahari.

Kikao kilianza vibaya. Bi Mwanakheri alikuwa amemzidi Waziri umri wa kutosha kumzaa, kwa hiyo alisimama akingoja shikamoo yake. Waziri naye ni Waziri, kwa hiyo aliketi akingoja shikamoo ya yule mama. Wakatazamana. Mwishowe katibu akawaamkia wote wawili kwa mkupuo, "Shikamooni!", kila mmoja akaitikia "Marahaba" kwa upande wake, na kazi ikaendelea. Mtu asiyejua kwamba nchi huendeshwa na makatibu, na ajue sasa.

"Haya, mama, sema shida yako," alisema Waziri.

"Shida yangu ni hiyo amri yenu, baba. Huko nje ya mwamba hakulimiki. Miguu haifiki chini, vigingi havina pa kushika. Na juu ya yote, bahari ya huko huchafuka."

Waziri akaweka kikombe chini. "Huchafuka?"

"Tena huchafuka ukaiogopa."

"Nani anaichafua?"

Bi Mwanakheri alimtazama kuona kama anataniwa. "Nani tena? Si upepo!"

"Andika," Waziri akamwambia katibu. "Upepo unapeperushia takataka baharini."

"Takataka gani, mwanangu? N'nakwambia ikisha kuchafuka hata mashua haitoki!"

"Nimekusikia, mama, nimekusikia! Imejaa kiasi kwamba hata mashua haipiti!" Waziri alikuwa ameshaanza kuona uchungu wa kizalendo. "Bahari yetu kuu, mali ya vizazi vijavyo, imechafuka, na mimi siambiwi!"

Hapa yanipasa kuwafafanulia wasomaji wa mlimani. Watu wa pwani wakisema bahari imechafuka, wana maana mawimbi yamepanda na upepo umekuwa mkali, basi. Mlimani kinachochafuka ni shati. Ni neno lilelile moja, lakini kila mtu analivaa kwa upande wake, na mwenye gari lenye bendera ndiye anayejua upande sahihi.

Shekuwe alikuwemo chumbani mle, kwani alikuwa ameajiriwa na Wizara hiyohiyo, na kiti chake kilikuwa mlangoni. Akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, samahani. Mama ana maana kwamba mawimbi..."

"Mhandisi," alisema Waziri kwa upole mkubwa, "unamsahihisha mama yako, au unanisahihisha mimi?"

Shekuwe akamtazama mama yake. Akamtazama Waziri. Akashusha mkono taratibu, akasema hamsahihishi mtu. Bi Mwanakheri aliyaona yote hayo, na alipotoka hakuaga.

*

Iliundwa Kamati ya Taifa ya Kuuchunguza Uchafu wa Bahari Kuu. Wajumbe walishuka pwani siku bahari imelala, wakateka maji kwenye bilauri, wakayainua juani. Yalikuwa meupe pe. Walikaa hotelini muda mrefu wakilitafakari jambo hilo, kisha wakatoa tamko kwamba uchafu wa bahari kuu ni mjanja, unajificha ukiona viongozi.

Wakati huohuo Shekuwe aliagizwa abuni shamba la mwani la bahari kuu. Kazi hii ndiyo aliyokwenda kuisomea ng'ambo, na kwa kweli kijana aliijua. Siku ya kuionyesha alikuja na beseni la maji, na ndani yake kijishamba cha mfano: kamba nyembamba zimetundikwa kwenye fremu laini, vijiboya juu, na vijiwe chini mahali pa nanga.

"Mheshimiwa," alisema, "nje ya mwamba hatushindani na wimbi. Nguvu za wimbi ziko juu, ukishuka chini zinapungua. Kwa hiyo shamba tunalifunga kwa nanga, lakini kamba za nanga tunaziacha zilegee. Maji yakitulia, maboya yanauinua mwani upate jua. Maji yaki..." Akatafuta neno. "Maji yakibadilika, shamba lote linazama chini ya mawimbi, linayumba nayo huku na huku, na hali ikipita linaibuka zima."

Akalivuruga beseni kwa mkono. Kijishamba kikazama, kikayumba, kikaibuka kama bata. Ilipendeza kweli. Nusura nipige makofi bila kuamriwa.

Waziri hakupendezwa. "Umesema linazama?"

"Kwa makusudi, Mheshimiwa."

"Shamba la Serikali lizame kwa makusudi?"

"Linainama tu kidogo, wimbi lipite."

"Linamwinamia nani?"

"Wimbi, Mheshimiwa."

"Na kuyumba, linayumba?"

"Ni lazima liyumbe. Likikataa kuyumba litavunjika."

Katibu akafunga macho. Waziri akasimama, akavuta koti, akasema kwa ile sauti aliyoiweka akiba kwa ajili ya sikukuu za kitaifa: "Kijana. Serikali hii haiyumbi. Haiinami. Haizami. Nenda kaniletee shamba linalofanana nayo."

Pale nilipiga ya kusimama, na katibu akapiga, na wajumbe wakapiga, na katikati ya makofi yale Shekuwe alilibeba beseni lake akatoka, maji yakimmwagikia viatuni.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa Shamba Lisiloyumba. Lilikuwa jukwaa la chuma la mraba, zito, limefungwa kwa minyororo minne iliyokazwa mpaka ikalia. Juu yake palitandikwa zulia jekundu, pakapangwa viti vya wageni waalikwa, pakasimikwa mlingoti wa bendera, na upande unaoelekea mawimbi ikawekwa picha kubwa ya Mtukufu ili mawimbi yajue yanakuja kwa nani. Mambo yote yalipokuwa tayari ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba hakuna mahali pa mwani. Lilitafutwa suluhisho la haraka. Mwani ukapandwa kwenye vyungu vya maua, pembeni mwa kipaza sauti.

Suala la uchafu nalo halikusahauliwa. Ufukweni pa Ukingoni palijengwa ghala, likajazwa mifagio ya chelewa na magunia ya sabuni ya unga, ile yenye harufu ya waridi. Waziri akatoa amri kwa kinywa chake: neno "imechafuka" likisikika tu, sabuni imwagwe baharini palepale, bila kungoja maelezo zaidi. Shekuwe akapandishwa cheo kuwa Mhandisi Mkuu wa Usafi wa Mawimbi. Akapewa kiti kisicho mlangoni, na akakikalia.

*

Ilibaki tatizo la redio. Kila asubuhi mtabiri wa hali ya hewa aliwaambia wavuvi kama bahari itachafuka au haitachafuka, kama walivyofanya waliomtangulia. Sasa aliitwa na kuulizwa kwa nini anaipaka Serikali matope kila siku wakati watu wanastafutahi.

Shauri likapelekwa Baraza la Maneno, ambalo kwetu ndilo huamua maneno yana maana gani baada ya Waziri kuyatumia. Baraza likaamua kwamba kuchafuka ni kuingiwa na uchafu, na hakuna maana nyingine iliyowahi kuwepo. Mzee mmoja wa Baraza akauliza kwa woga: je, maji yanaporukaruka yakapanda juu, yasemweje?

Waziri, aliyekuwa ameonyeshwa picha ya mawimbi, alijibu papo hapo. "Mtoto akirukaruka huwa amefanyaje? Mbuzi akirukaruka huwa amefanyaje? Amefurahi! Basi bahari ikirukaruka imefurahi."

Ikapita. Kuanzia hapo bahari ya Nchikavu haikuchafuka tena. Ilifurahi. Na watu wa pwani, ambao hawana ugomvi na mtu, wakajifunza upya kuogopa. Ungewasikia wavuvi sokoni: "Leo usitoke ndugu yangu, imefurahi mno." Au: "Hukupata habari? Juzi furaha ilimpindua mjomba wako, ngalawa hata kipande hakikuonekana."

*

Siku ya uzinduzi ilipokaribia nilitumwa Ukingoni pamoja na Shekuwe. Yeye alikwenda kukagua minyororo. Mimi nilikwenda kuwafundisha wanawake makofi, kwa kuwa ilipangwa wao ndio watangulie kupanda jukwaani, wamevaa kanga zilizoandikwa "Hatuyumbi".

Mchana tukaingia kwa Bi Mwanakheri. Alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi, wala hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Litasimama?"

Shekuwe akakaa juu ya kizingiti. "Limejengwa kwa chuma kitupu, mama."

"Sikukuuliza limejengwa kwa kitu gani. N'nakuuliza litasimama?"

Kijana akachezea funguo zake. "Litasimama mpaka bahari ifurahi."

Bi Mwanakheri akaacha kukuna. "Na siku hiyo juu yake tupo sisi. Mimi, na Bi Zume, na yule Mafunda mwenye mtoto mchanga. Kisha mkisha kutuzindua, tubaki huko huko tulime vyungu vyenu, na ghuba yangu aitazame mwanamume mmoja kutoka juu ya jabali."

"Mama, nikisema nitafukuzwa kazi."

"Na usiposema?"

Kijana akazirudisha funguo mfukoni.

"Shekuwe, mimi nimekusomesha kwa taitai. Vidole vikichunika na chumvi ikiingia, n'nafunga, n'nasema si neno, huyu akirudi atakuwa na ulimi. Huo ulimi uliuacha wapi? Ng'ambo?"

Tulikaribishwa chakula, wali na mchuzi wa nazi, Shekuwe hakugusa. Mimi nilikula. Nilimwonea huruma kijana yule na nikamkasirikia pia, na sitawaficha, niliona haya, maana yeye alau alinyamaza, mimi nilikuwa nimekuja kufundisha makofi.

*

Siku ya uzinduzi asubuhi redio ilitangaza: "Leo bahari kuu itakuwa na furaha isiyo kifani."

Kwenye hema la wageni watu walishangilia. "Mnaona?" alisema Mheshimiwa Kwangulo, akifuta jasho la fahari. "Hata bahari yenyewe!" Lakini wanawake wa Ukingoni walitazamana, na Mafunda akamfunga mtoto wake mgongoni kwa kanga mbili.

Boti ya kuwapeleka jukwaani ilikuwa tayari. Ndipo Bi Mwanakheri akajitokeza, akainamisha kichwa kwa adabu ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Mheshimiwa, sisi watu wa pwani tumelelewa. Kwetu mkubwa ndiye hutangulia. Tukitangulia sisi kulikanyaga zulia lako, walimwengu watasemaje?"

Waziri alifurahi hata shingo ikanenepa. Tangu siku ile ya ofisini shikamoo ile ilikuwa imemkaa kooni. "Mmemsikia? Mama huyu hatimaye ameelimika. Tutatangulia sisi!"

Tukatangulia. Alipanda Waziri, wakapanda wajumbe wa Kamati, ikapanda bendi ya matarumbeta, nikapanda mimi. Shekuwe alipotaka kupanda, mama yake alimshika mkono wa shati.

"We baki."

"Mimi ndiye mhandisi wake, mama."

Alisema hivyo tu, akapanda. Bi Mwanakheri alibaki amekishika kile kiganja chake mwenyewe kana kwamba shati bado limo. Kumbe uungwana wake ulikuwa umewaokoa wenzake wote, isipokuwa mtu mmoja aliyemtaka zaidi.

Tukapita mlango wa mwamba, tukafika jukwaani, boti ikarudi. Waziri akakishika kipaza sauti. "Ndugu wananchi! Shamba hili haliyumbi!"

Na kweli halikuyumba. Hiyo ndiyo ilikuwa taabu yetu. Ingekuwa mashua ingepanda na wimbi ikashuka nalo. Sisi tulibaki palepale, imara, na wimbi likapita juu yetu. La kwanza lilichukua zulia. La pili likachukua vyungu, na huo ukawa ndio mwani wote wa bahari kuu ya Jamhuri. La tatu likaing'oa picha ya Mtukufu, nayo ilipokuwa ikielea kupita mbele yetu sote tulisimama wima kwa heshima, jambo lililotugharimu viti. Nilijaribu kupiga makofi. Lakini mkono mmoja ulikuwa umeshika mlingoti, na kama vile usivyochinja ng'ombe, mkono mmoja haupigi makofi pia. Mnyororo wa kwanza ukakatika kwa mlio ambao bendi ilidhani ni ishara, ikaanza wimbo wa taifa.

Nilikuwa karibu na Waziri wakati huo. Nikamwona akilitazama wimbi linalokuja, macho yametoka, na katika uso wake nikaona mtu anayejifunza neno. Akakidaka kipaza sauti, akapiga ukelele uliofika mpaka ufukweni:

"Imechafuka! Jamani, bahari imechafuka!"

Shekuwe, akiwa ameng'ang'ania ukingo wa jukwaa, akamjibu kwa sauti yote aliyoizuia tangu mwanzo: "Ndiyo maana yake, Mheshimiwa! Ndivyo inavyochafuka!" Alikuwa ameupata ulimi wake, na hapakuwa na wa kuusikia isipokuwa sisi tuliokwisha kuelewa.

Ufukweni walisikia neno moja, na kwa neno lile palikuwa na amri. Afisa wa Usafi hakuuliza. Alifungua ghala, akawapanga vijana wake, na magunia yote ya sabuni yakapakiwa kwenye boti za uokoaji, yakapelekwa mpaka mwambani na kumwagwa baharini. Boti zikarudi kuchukua mifagio. Sijapata kuuona utendaji wa Serikali wenye kasi namna ile.

Sisi wa jukwaani hatukuokolewa na boti. Bi Mwanakheri alipoona kinachopakiwa alikimbilia kwenye ghuba, akakata kamba za shamba lake mwenyewe, zikiwa bado na mwani uliokaribia kuvunwa, akaziunga ncha kwa ncha, akaingia katika mashua ya kijiji pamoja na wapiga makasia. Walitujia kwa upande wa nyuma ya wimbi. Wakaturushia kamba iliyofungwa kigingi. Shekuwe akaidaka, akamfunga Waziri kwanza, kwa kuwa mkubwa hutangulia, kisha wengine mmoja mmoja, na yeye mwisho. Tarumbeta kubwa ndilo pekee lililozama likiwa kazini.

Mheshimiwa Kwangulo alivutwa ndani ya mashua akiwa amelowa, kiatu kimoja, povu kidevuni. Aliinua macho akamwona yule mama.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Shika kopo, toa maji."

Akatoa maji mpaka tukafika.

*

Taarifa rasmi ilisema kwamba Shamba Lisiloyumba limeshuka na kuchukua nafasi yake ya kudumu. Jambo hilo ni kweli. Lipo huko chini mpaka leo, na haliyumbi.

Sabuni nayo ilifanya kazi yake. Maji yalipojaa yalivuka mwamba na kuingia nayo katika ghuba, mawimbi yakaichapa, na kesho yake Ukingoni kuliamka na povu jeupe kutoka ufukweni mpaka mwambani, likinuka waridi. Samaki walielea juu yake wakiwa wasafi kabisa. Mtukufu alitoka kwenye baraza ya nyumba yake mpya juu ya jabali, akaitazama Mandhari ya Taifa, akasema, "Pabaya."

Hapo hapo ghuba ikarudishwa kwa wananchi.

Kulikuwa na sherehe ya kuirudisha, na mimi nilikuwepo. Waziri alisimama mchangani, mahali pakavu, amevaa viatu vyote viwili. Bi Mwanakheri na wenzake walikuwa wamesimama majini, povu likiwafika magotini. Waziri aliingoja shikamoo yake. Alipoona haiji akaanza hotuba.

"Mnajionea wenyewe! Wako walionicheka. Wako walioniambia maji ni meupe. Nani alisema tangu mwanzo kwamba bahari imechafuka?"

Bi Mwanakheri aliinama akaishika kamba ya jirani yake, kwa kuwa zake alikwisha kuzikata. Akaiinua. Mwani uliokuwa kahawia ulikuwa mweupe kama kamba iliyofuliwa, na alipougusa ulikatika wenyewe ukaanguka.

"Ni wewe, baba," alisema. "Umesema kweli. Leo imechafuka. Leo mimi na wewe lugha yetu moja."

Kisha akamgeukia mwanawe, aliyekuwa amesimama nyuma ya viti vya wageni. "Na wewe, mhandisi. Lile shamba lako la beseni, linaota na kwenye sabuni?"

Shekuwe alitoka kwenye kivuli cha hema, akaingia majini na viatu vyake vya ofisini, akaanza kung'oa kamba zilizokufa na kuzikunja begani, moja baada ya nyingine, upande wa pili wa mama yake.

Waziri alikohoa. Katibu akanitazama, akanyanyua kidole: ya kusimama. Nilikuwa nimeshatangulia kuchovya mikono mle majini, nikitaka kumsaidia kijana japo kamba moja, nikaahirisha. Nikasimama wima, nikapiga makofi, kwani ndiyo kazi yangu, na kila viganja vilipokutana lilitoka povu.